Jina Hilo Si la Kupimia Spika

Kanisani kwetu wapo watu waliomjua mdogo wangu tangu hajaota ndevu, na hadi leo hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Moja-Mbili. Hata mchungaji akitaka kumshukuru mbele ya watu husema "ndugu yetu Moja-Mbili", halafu anajikohoza kidogo, maana lile jina lingine naye amelisahau. Mimi ni dada yake wa tumbo moja, lakini hata mimi nimezoea kumwita hivyo, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Ni fundi mitambo. Siku za kazi hukaa kwenye kibanda chake, katikati ya duka la magodoro na gereji, anafungua redio, pasi na feni za watu. Jumapili ni mali ya kanisa. Hufika kabla ya mfagiaji, akatandaza waya, akasimama mbele ya viti vitupu na kushika maiki moja baada ya nyingine. Moja mbili, moja mbili. Akimaliza hapo amemaliza.

Sasa nyinyi mmewahi kuwasikia mafundi wengine. Mtu anatafuna kitafunio, huku anavuta waya kwa mguu, anasema haleluya, haleluya, Bwana asifiwe, hii ya kulia mbona inakwaruza. Mdogo wangu akisikia hayo uso wake hukunjamana kana kwamba amekanyaga msumari. Nilimwuliza siku moja kwa nini yeye huhesabu tu kama mtoto wa chekechea.

"Dada," akasema, "jina hilo si la kupimia spika."

Hayo aliyarithi kwa mama. Mama yetu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga nafaka, na pale wateja walikuwa wepesi wa kuapa. Mtu hakuridhika na unga wake, basi haki ya Mungu nyingi, Mungu ni shahidi yangu nyingi. Mama alikuwa anazima mashine. Anaizima kabisa, foleni nzima imesimama, vumbi la unga linashuka polepole, halafu anasema, "Unga nitakuongezea. Lakini jina hilo litoe kwenye debe langu." Kwake jina la Mungu halikuwa chumvi, kwamba lazima litiwe kila chungu.

Na Jumapili alikuwa na mtindo wake mwingine, ambao mimi uliniudhi mno. Tukifika mlangoni mwa kanisa hatuingii. Anatusimamisha pale kizingitini, anatupangusa, kisha tunangoja mpaka pumzi zitulie. Ukiwa bado unahema huingii. "Mnaingia kwa Mwenyewe," alituambia, "hamwingii sokoni." Mimi viatu vilikuwa vinanibana na nilikuwa naona viti vizuri vinakwisha, kwa hiyo nilijifunza kubana pumzi ili nionekane nimetulia. Mdogo wangu hakubana kitu. Alikuwa anasimama pale macho yamemtoka, anatazama ndani, na ukimvuta mkono unaona anatetemeka. Nilidhani ni baridi.

Mashine ile ilimpa mama chakula chetu na ikachukua masikio yake kama malipo. Siku hizi ukitaka kusema naye unalisogelea sikio lake la kulia na kupaza sauti mpaka majirani wanajua habari zako. Ana redio ndogo aliyotengenezewa na mwanawe, huiweka kifuani jioni. Betri zikiisha yeye hana habari, anaendelea kuipapasa na kutikisa kichwa kwa furaha. Tunacheka, naye akituona tunacheka anacheka pia, bila kujua anachekwa yeye.

Kule mbele kanisani pana jukwaa fupi lenye zulia, na waya nyingi hupita pale. Moja-Mbili hawezi kulikanyaga na viatu. Huvivua chini, pamoja na soksi, akapanda miguu mitupu, akafunga waya zake na kushuka. Kiongozi wetu wa sifa, kijana mrefu mwenye sauti nzuri na anayejua kuwa anayo, alimtania mara nyingi kwa jambo hilo. Kijana huyo sisi kwaya tulimwita Ongeza, kwa sababu katikati ya kila wimbo humgeukia fundi na kumwinulia kidole gumba: ongeza sauti.

"Kaka, kuna nyoka hapo?" alimwuliza. "Mbona unatembea kwa vidole?"

"Hakuna nyoka," Moja-Mbili akajibu, na kuendelea na waya wake.

Ibada ikianza yeye yuko nyuma kabisa, peke yake, nyuma ya meza yenye vitufe vingi vya kupandisha na kushusha, hedifoni masikioni. Huko nyuma anasikia mambo ambayo sisi hatusikii. Anajua nani katika kwaya anatafuna pipi. Mimi naimba sauti ya pili, na aliniambia kwamba sauti hiyo ikianza kuwa kali, yeye hujua shemeji yake amenikosea nyumbani. Na hakosei. Kuna siku mchungaji alisahau maiki ya kwenye koti, akaingia chumba cha nyuma, kanisa zima tukamsikia akimwambia mama mchungaji kwamba viatu vipya vinamwua, "na tena"... Hapo sauti ikakatika. Mdogo wangu alikuwa amewahi. Hiyo "na tena" ilikuwa inaelekea wapi hajawahi kuniambia, na nimembembeleza kwa kila njia.

Ila watu hawamkumbuki fundi kwa yale aliyookoa. Spika zikipiga yowe, shingo zote zinageuka nyuma kumtazama. Zisipopiga yowe, hakuna anayejua kwamba yupo.

Mimi ni msusi. Siku moja alikuja saluni kwangu kutengeneza mashine ya kukaushia nywele, na kwa kuwa hapakuwa na mteja nikapika chai. Alifungua ile mashine, akapuliza vumbi, kisha akauliza bila kuinua uso.

"Dada, nyinyi mkiimba pale mbele huwa mnakuwa wapi?"

"Tunakuwa wapi vipi? Tunakuwa pale pale mbele."

"Hapana. Kuna mahali huwa mnafika. Naziona nyuso. Kuna wakati wimbo unageuka, watu wanakuwa kama wameitwa na mtu, hata wewe. Mimi wakati huo ndipo nashika kitufe nisije nikaharibu."

Nikamwambia anywe chai. Hakunywa.

"Mimi ni mpishi wa harusi," akasema. "Nimeonja kila chungu na sijakaa mezani hata mara moja. Unakumbuka mama alivyokuwa anatusimamisha mlangoni? Nilikuwa naogopa, dada. Nilikuwa naogopa kweli kweli, kwa sababu nilijua yumo ndani. Na nilikuwa natamani kuingia mpaka natetemeka. Basi ni hivyo hivyo hadi leo. Nilipewa ufunguo wa mitambo nikiwa bado pale mlangoni, na sijaingia."

Mimi mdomo wangu hauna mlango, mwulize mtu yeyote, lakini siku hiyo niliutumia kunywea ile chai aliyoiacha. Kumbe haikuwa baridi. Na kumbe mimi, niliyekuwa nabana pumzi ili niwahi kiti, ndiye niliyekuwa nikiketi mezani kila Jumapili nikilalamika kwamba wimbo ni mrefu.

Halafu akaniambia lililobaki. Alikwenda kwa daktari wa masikio. La kushoto limekwisha, na la kulia linalifuata. Ni zile spika na zile hedifoni, miaka yote hiyo. Daktari alimwambia aache mara moja, na hata akiacha hakumwahidi kitu.

"Nataka ibada moja," akasema. "Niketi kwenye benchi kama mtu. Nisishike waya. Niisikie yote kwa pamoja wakati bado nasikia, nimwabudu Mungu pamoja na watu wake. Moja tu. Baada ya hapo masikio yaende yanakotaka."

Siku iliyofuata nilikuwa ofisini kwa mchungaji kabla hajavua koti. Nilimpa maneno yote, na mengine ya ziada. Mchungaji wetu ni mtu mwema, alisikitika sana, akasema ndugu yetu apumzike, anastahili. Ila akaomba kitu kimoja. Jengo letu jipya lilikuwa linakaribia kuwekwa wakfu, wageni wanakuja, kwaya za makanisa rafiki zinakuja na kila moja na vyombo vyake. Waliowahi kufundishwa ile meza walishaoa wakahama. Amalizie siku hiyo tu, kisha awe huru.

Sasa niwaambie ubaya wake uko wapi. Siku hiyo ndiyo ibada aliyokuwa akiiota. Kwaya zote zilipanga kusimama pamoja na kuimba wimbo wa zamani wa utakatifu wa Mungu, ule mama aliokuwa akituimbia akikung'uta magunia. Na kelele kama za siku hiyo, kwa spika zote zile, ndizo ambazo daktari alisema zingemalizia sikio la kulia. Kwa hiyo ibada yake ya mwisho ya kusikia vizuri angeitumia kutazama taa za mitambo. Nilirudi nyumbani na hasira, nikamwambia akatae.

"Kazi ni kazi," akasema. "Wale wageni nao wanataka kusikia."

Siku ikafika. Jengo lilinuka rangi mbichi, bati jipya likalia kila jua lilipotoka. Spika za kukodi zilipangwa pande mbili, kubwa kama makabati ya nguo. Fundi wa kwaya moja ngeni alikuwa juu ya jukwaa na buti zake, ameshika maiki: "Mtakatifu, mtakatifu, moja mbili, mtakatifu, hii ya kushoto haina besi." Nikamwona mdogo wangu anavua viatu na kupanda.

"Rafiki," akamwambia, taratibu kabisa, "maiki hiyo itakuelewa hata ukihesabu tu."

Yule bwana akamtazama usoni, akamtazama miguuni, akadhani ni mzaha. Kisha sijui aliona nini, akaacha. Akaanza kuhesabu. Alihesabu mpaka kumi na zaidi, maskini, akidhani ndiyo kanuni ya mahali.

Mama aliletwa na mume wangu, amevaa kitambaa kipya kichwani. Na alipofika mlangoni, mnajua alifanya nini. Akasimama. Nyuma yake walikuwa wageni wa heshima na suti zao, mbele yake mhudumu anamwonyesha njia kwa mikono yote miwili, naye amesimama kizingitini, anapangusa gauni, anangoja pumzi yake itulie. Mume wangu alitamani ardhi ipasuke. Msafara wote ukangoja. Alipokuwa tayari akaingia polepole, akaenda kuketi benchi la mbele pamoja na wazee wenzake, wakampisha.

Ibada ilikwenda vizuri. Nami nilikuwa mstari wa pili wa kwaya, jicho langu moja kwa kiongozi na moja kule nyuma. Moja-Mbili alikuwa mezani pake, hedifoni masikioni, uso umekakamaa. Ukafika ule wimbo. Tukasimama kwaya zote, tukajaza jukwaa na ngazi zake, vinanda na ngoma na magitaa yote yakaanza, na sitasema uongo, ulikuwa mzuri. Watu walisimama. Ongeza alikuwa mbele yetu, mkono mmoja na maiki, na wa pili ukapanda, kidole gumba juu. Sauti ikapanda. Tulipofika kiitikio kidole kikapanda tena, na sauti ikafuata.

Yaliyotokea pale nyuma alinieleza baadaye mwenyewe. Alisukuma kitufe, akaona watu mbele yake wameinua mikono, akaona kwamba wamefika kule wanakofika siku zote. Na akashindwa kuvumilia. Akafumba macho. Alisema, "Nilitaka kuiba mstari mmoja tu." Siku nyingine hilo lisingekuwa tatizo, maana hata akifumba macho masikio yake yangemwambia kwamba spika zimelemewa. Siku hiyo masikio hayakumwambia kitu. Taa zikawa nyekundu mezani pote, naye amefumba macho, midomo inacheza, anaabudu kwa kuibia.

Spika zikalia pwaa. Swichi kuu ikaruka. Kila kitu kikafa.

Kwaya zote tulinyamaza katikati ya neno, midomo wazi. Gitaa la umeme likabaki linatoa sauti ya kijiko. Ongeza alipiga maiki yake kwa kidole, akaipuliza, akaipiga tena. Na shingo zote za jengo lile jipya, za wenyeji na za wageni, zikageuka nyuma kumtazama mdogo wangu. Nilifikiri, basi, hivi ndivyo wanavyomuaga.

Lakini haukuwa ukimya kamili. Kulikuwa na sauti moja imebaki, inaimba. Sauti nyembamba, imepotea kidogo njia, na iko nyuma ya wimbo kwa maneno kama mawili. Ilitoka benchi la mbele. Mama alikuwa amefumba macho, mkono mmoja juu, anaimba kiitikio kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kwake hakikutokea kitu. Hakusikia spika zikifa kwa sababu hakuwa amezisikia zikiwa hai.

Mtu akacheka puani huko nyuma yetu. Jirani yake mama, mzee mmoja mshona viatu, akamtazama, nadhani akaona ni aibu kumwacha mwanamke mtu mzima aimbe peke yake. Akaanza kumfuata kwa sauti nzito ya chini. Benchi lao likaingia. Benchi la nyuma yao likaingia. Nami nikajikuta naimba, sijui nilianza lini, na kwaya yote ikaimba, na wageni wa heshima, na watoto waliokaa sakafuni, na wanaume waliosimama ukutani ambao huwa hawaimbi. Hapakuwa na ngoma wala kinanda. Zilikuwa sauti za watu tu, wakubwa kwa wadogo, zinapanda mpaka kwenye bati jipya na kuturudia. Nimeimba kwaya maisha yangu yote, na siku hiyo ndiyo niliyoogopa. Niliogopa vizuri. Nilijua tumesimama mbele ya nani, na sikutaka kuwa mahali pengine popote duniani.

Nikamtafuta mdogo wangu. Alikuwa ameshairudisha swichi kuu, kazi hiyo anaijua hata usingizini. Taa za meza zilikuwa za kijani tena. Kitufe kikubwa kilikuwa chini, na kidole chake juu ya kitufe. Akikisukuma, spika zinaamka. Ongeza akamwona, akamwinulia kidole gumba. Mchungaji naye alikuwa anamtazama kutoka mimbarini.

Moja-Mbili akavua hedifoni.

Alisema hakuwa amepata kutusikia. Alikuwa akisikia maiki: hii ya sauti ya kwanza, hii ya pili, hii ya ngoma, kila moja kwenye waya wake. Sasa ilimjia yote kwa mara moja, kwa sikio lake moja bovu, haina waya. Mkono ukakiacha kitufe. Akazima meza. Miaka yote hajawahi kumkatalia mtu wa mbele alichoomba, na siku hiyo alizima. Halafu akaketi kwenye kiti chake, akafungua kamba za viatu, akavua kimoja, akavua cha pili, akavua soksi, akaziweka ndani ya viatu.

Kisha akaja. Katikati ya njia, miguu mitupu, mbele ya watu wote wale. Watu walidhani anakuja kushughulikia waya, wakawa wanamwondolea miguu na mikoba. Hakuwa na waya mkononi. Hakuwa na kitu mkononi, na ilionekana hajui mikono mitupu huwekwa wapi. Alipofika mbele ya jukwaa akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa zulia, akakaa hivyo mpaka wimbo ulipokwisha.

Ulipokwisha hakuna aliyeongeza neno. Jengo zima, na watoto wake wote, likatulia hadi tukasikia bati likipoa. Ndipo mdogo wangu akainua uso.

"Mtakatifu," akasema.

Lazima muelewe kwamba kanisa lile lilikuwa halijawahi kusikia kinywa hicho kikisema kitu isipokuwa moja mbili. Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ya kawaida ya mtu aliyefika mahali na kumkuta mwenyeji yupo. Ilifika mpaka ukuta wa nyuma bila msaada wa mtu.

"Mtakatifu," akasema tena, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka na hayafuti.

La tatu hatukumwachia peke yake. Tulilisema wote, na sijui niwaelezeje. Madirisha yaliitika. Mchungaji alishuka mimbarini, akaketi sakafuni na suti yake ya siku kuu. Ongeza aliinama, akailaza maiki kwenye zulia taratibu kana kwamba ni mtoto mchanga amelala, kisha akavua viatu. Soksi yake ya kulia ilikuwa imetoboka, na dole gumba, safari hii la mguuni, likachungulia watu. Hakuna aliyecheka. Mimi ndiye nimeamua kuwaambia, na sioni kosa, kwa maana siku hiyo alikuwa mzuri kuliko siku zote nilizomwona na viatu vyake vya kung'aa.

Mahubiri yalihubiriwa bila spika. Mchungaji alihubiri kwa ufupi, jambo ambalo nalo tulilihesabu kuwa la Mungu. Fundi wa wageni alikunja nyaya zake, akamshika Moja-Mbili mkono kwa muda mrefu, kisha akaondoka. Mdogo wangu alikuwa anacheka peke yake, analia, anapangusa pua kwa mkono wa shati, na watu waliokuwa hawamjui jina walimpigapiga bega.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, sisi watatu, mama katikati. Njiani nikamwona Moja-Mbili anagusagusa sikio lake la kulia. Nilijua anafikiria nini. Ile hamu yake ilikuwa imetimizwa, na sasa alikuwa amebaki na lile sikio. Alipata ibada yake moja. Aliomba moja, akapewa moja. Akasogea upande wa kulia wa mama na kupaza sauti, barabara nzima ikasikia.

"Mama! Pale kanisani huwa unasikia nini?"

Mama akafikiri. "Sisikii kitu, mwanangu," akasema. "Zamani sasa."

"Wimbo je?"

"Wimbo naujua."

"Sasa unaimba na nani?"

Mama alisimama. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi mchana kweupe. "Si naye Mwenyewe," akasema. "Ninaingia, namkuta, naimba. Kwani masikio ndiyo yanayoniingiza?" Akaanza kutembea tena, halafu kitu kikamjia, akatugeukia sote wawili. "Mbona unaniuliza leo? Kwani nyinyi mlinyamaza?"

Mdogo wangu alicheka mpaka akashikilia ukuta wa watu.

Sikio la kulia lilikwenda, kama daktari alivyosema. Siku hizi meza ya mitambo inashikwa na binti mmoja fundi simu, ambaye naye huhesabu moja mbili na kuvua viatu, hakuna aliyemwambia. Moja-Mbili huketi benchi la mbele na mama. Kila Jumapili wanasimama kwanza kizingitini, wote wawili, mpaka pumzi zitulie, na foleni nyuma yao imeshazoea kungoja. Wakiimba hawapatani na kinanda wala hawapatani wao kwa wao, na sauti yangu ya pili inapata taabu. Wimbo ukiisha, wao huwa wamebakiwa na mstari mzima, na kanisa lote huwangoja mpaka wamalize.